Mbavu zilizovunjika hazifungwi kanga

Mhariri,

Hapa Tanga, mkwezi akianguka mnazi au bodaboda ikimrusha abiria na mbavu zikavunjika, ndugu huja juu kwa maswali mawili: mbona hafungwi bandeji, na mbona hapelekwi upasuaji?

Mbavu husogea kila tunapovuta pumzi, na bado huunga zenyewe, kwa kawaida kwa wiki sita hivi. Ukimkaza mgonjwa kwa kanga, maumivu yatapungua kweli, lakini atapumua juujuu, sehemu ya chini ya pafu itanywea, makohozi yatatuama, na siku chache baadaye ni nimonia. Kati ya wanaokufa, wengi huuawa na hiyo, si na mfupa. Kumchua ndiyo balaa zaidi: ncha ya ubavu inaweza kutoboa pafu.

Tiba yenyewe ni dawa ya maumivu inayonywewa kwa saa. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, parasetamoli gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Asingoje mpaka iume. Ibuprofeni na diklofenaki husaidia, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu. Dawa ikishashika, akae wima, na kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu kama 10, kisha akohoe huku amekumbatia mto upande ulioumia. Akigoma kukohoa, msimkaripie: dawa haijamtosha, arudi kwa daktari aongezewe au achomwe sindano ya ganzi ya mbavu.

Upasuaji wa kufunga mbavu kwa bamba la titani na skrubu una watu wake. Mvueni shati mumtazame: kama mbavu 3 au zaidi zinazofuatana zimekatika kila moja sehemu mbili, kipande hicho huzama ndani anapovuta pumzi wakati kifua kingine kinapanda. Huyo, au ambaye ncha zimepishana sana, au aliyeshindwa kuachishwa mashine ya kupumulia, apewe rufaa mapema, maana kazi hiyo hufaa siku za mwanzo. Kwa ubavu mmoja au miwili, kujitia kwenye hatari ya usaha na dawa ya usingizi hakuna faida. Hewa au damu ikijaa kifuani, kwanza huwekwa mrija wa kuitoa. Hilo ni jambo jingine.

Eksirei isiwadanganye pia, huweza kukosa ufa. Mbavu za chini zikiumia, kushoto kuna wengu na kulia ini: tumbo likiuma au mtu akiona kizunguzungu, hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo akipata homa, akikohoa damu au pumzi ikimkatika. Na mzee wa miaka 65 na kuendelea aliyevunjika mbavu 3 alazwe, hata akishikilia kwamba hajambo.

Wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia,
Ngamiani, Tanga