Yaya, wiki hii uangalie hizi

Yaya,

Ni miezi kumi na minne sasa simu yako ya Jumapili haijalia. Zamani ilinikuta na tonge la bukari mkononi, na wewe bila hata salamu: «Mudogo, wiki hii tunaangalia nini?» Mimi hapa Kenya, wewe Kolwezi, dekoda mbili, filamu moja. (Ninyi mnaosoma kutoka mbali: Yaya ni dada yangu mkubwa, si mlezi wa watoto, na Kenya ni komini ya Lubumbashi, huku Kongo, si ile nchi yenye Nairobi.) Filamu ikiisha tulipigiana tena, tukagombana juu ya watu ambao hawapo duniani mpaka salio linakwisha.

Orodha sijaacha kuandika. Kila Jumapili tangu kilio ninaiandika nyuma ya daftari la madeni la duka, halafu ninafunga daftari. Hii ya leo naiweka hapa mbele za watu, kwa sababu na wewe ulisema mbele za watu.

Jumatatu usijibebeshe mzigo. Tafuta La Vie est belle, ya mwaka 1987. Najua umeiona, iangalie tena. Papa Wemba bado kijana, anatoka kijijini na kuingia Kinshasa hana kitu ila sauti yake. Kuna wanaosema ni filamu ya Wazungu kwa sababu ya Benoît Lamy, yule Mbelgiji, lakini aliyeiongoza pamoja naye ni Ngangura Mweze, mtoto wa Bukavu, na utani ule haupatikani kwa mgeni. Tangu Papa Wemba alipoanguka jukwaani Abidjan mwaka 2016, Baba akiiona alikuwa anacheka, halafu katikati ya kicheko ananyamaza. Si kama alivyokuwa anachekea michezo ya Mufwankolo, yule mchekeshaji wetu, mpaka Mama anamwambia atavunja kiti. Na kiti kikavunjika. Aliyesingiziwa unamjua.

Jumanne hakuna kitu. Jumanne umeme wetu unakatwa saa kumi na mbili na kurudi watu wamelala. Soma Biblia, au piga pasi ukiwa na makala, ule mnaouita mkaa.

Jumatano, Lumumba ya Raoul Peck, ya mwaka 2000. Watoto waite baada ya dakika kumi, maana filamu inaanzia mwishoni, usiku, kwenye miili. Peck ni mtu wa Haiti aliyeonja utoto wake Kinshasa, na yule Eriq Ebouaney anayecheza Lumumba ana macho ambayo ukizima tele bado yanakuangalia. Tatizo ni moja, na si mimi niliyeliona. Baba aliangalia robo saa akasema: «Ile miti haiko ya huku.» Nikamcheka. Baadaye nikasoma kwamba ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji. Mtu aliyetembea misitu yetu kwa miguu huwezi kumdanganya kwa mti.

Mwaka 2022, siku zile walipolileta jino la Lumumba kutoka Ubelgiji na kulizungusha nchini mpaka Shilatembo, pale alipouawa, Baba alikaa mbele ya tele tangu asubuhi na shati lake la kanisani. Alikuwa mtoto wa shule mwaka 1961. Watoto wa Lumumba walingoja miaka 61 wapewe jino la baba yao. Mimi na wewe wetu tulimzika mzima, na viatu vyake, na hatuongei.

Alhamisi nitairudia.

Ijumaa uangalie Augure, ya Baloji. Huyu ni wa kwetu, alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978 akapelekwa Ubelgiji angali mdogo, na filamu hii ilipewa tuzo Cannes mwaka 2023. Kuna sehemu zinanichosha, rangi nyingi, bendi, watoto waliovaa magauni. Lakini usiondoke. Koffi anarudi nyumbani kutoka Ulaya na mchumba wake mwenye mimba. Familia imekusanyika. Pua inamtoka damu, damu inamdondokea mtoto mchanga wa dada yake. Basi, imekwisha. Hakuna anayemuuliza kama anaumwa. Wanamzunguka wote, na kwenye nyuso zao unaona hukumu ilikuwa imeiva zamani, ilikuwa inangoja damu tu.

Hapo nilizima tele, nikatoka nje.

Siku ya tatu ya kilio, Yaya. Mvua ilikuwa imeacha lakini maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye turubai. Shangazi anagawa chai. Mtu wa kanisa, mtu mpole, akauliza kwa adabu tu kwamba marehemu aliumwa siku ngapi. Wewe ukasimama. Hukupaza sauti. Ukasema: «Muulize huyu. Muulize filme iliishaka saa ngapi.» Ukakaa, ukavuta kitenge chako juu ya magoti.

Kijiko cha Shangazi kiligonga kikombe mara mbili. Baba mdogo akakohoa. Watu hamsini, na kila mmoja akatafuta mahali pa kuweka macho yake isipokuwa wale watoto wa jirani, ambao walinitazama moja kwa moja kama watoto wanavyotazama. Mpaka leo nikipita mbele ya mlango wao nasikia wanaambizana.

Ulikuwa umefika jana yake tu. Miaka minne hukukanyaga. Barabara ni lami, kilomita kama 300, basi ziko kila asubuhi. Aliyekuwa anambeba kwenda chooni ni mimi. Aliyemnyoa ni mimi.

Hilo nilikuwa nimeapa sitaliandika. Naliacha, kwa kuwa nikilifuta utajua nimelifuta.

Sasa Alhamisi. Filamu inaitwa Makala, jina letu kabisa, ingawa aliyeipiga ni Mfaransa, Emmanuel Gras, na mwaka 2017 ilichukua tuzo kubwa ya Wiki ya Wahakiki huko huko Cannes. Watu wanaongea Kiswahili chetu. Kijana anaitwa Kabwita. Anaangusha mti mkubwa kwa shoka peke yake, anaufukia kwa udongo, anauchoma, anapakia magunia kwenye baiskeli mpaka baiskeli haionekani, halafu anaisukuma kilomita 50 akauze Kolwezi. Anataka mabati ya nyumba. Hadithi yote ni hiyo.

Nani mwingine katika nyumba yetu angeiangalia hivyo? Baba, ambaye baada ya kazi ya mgodini kwisha alisukuma magunia ya namna ile njia ya Kipushi, na minervali yako na yangu, ile ada ya shule, ikatoka humo. Hakuangalia kama mtu anayeangalia filamu. Alikuwa anamkosoa. «Ule hayui kufunga. Gunia ya chini inalegea. Atanguka tu.» Lori lilipopita na kugonga mzigo, Baba alipiga goti lake mkono: «Si nilisema?» Kisha akanyamaza muda mrefu, anamtazama yule kijana anaokota.

Pumzi yake ilibadilika pale baiskeli inapopanda mlima. Nilisikia. Ilikuwa na sauti kama ya mtu anayekunja karatasi. Nikamwambia, Baba, twende hospitali. Akanyoosha kidole kwenye tele, akasema: «Ngoja. Anaingia Kolwezi. Yaya wako iko kule.»

Hilo hukulijua. Sikukuambia kwa sababu hukuniuliza, ulimwambia mtu wa kanisa aniulize.

Aliniomba nimwinue kwa mto. Kolwezi ile kwenye filamu ni vumbi, taa za magari, watu wanaobishana bei ya gunia, huwezi kujua ni mtaa gani. Yeye alikuwa anatafuta nyumba yako. Kila ukuta uliopita aliukodolea macho. Nikamwambia nyumba ya Yaya iko upande mwingine wa mji, nikitaka tu tuondoke. Akanijibu: «Utajuaje? Hata weye haukufikaka.»

Ni kweli. Sijafika.

Simu ilikuwa chumbani kwenye chaji. Mara saba uliita, niliona baadaye. Sijui nani alikuwa amekuambia kwamba hali si nzuri. Namshuku yule wa dukani. Kwenye filamu mwishoni kuna watu wanasali, wanasali kwa nguvu, na Baba akaitikia amina pamoja nao, na mimi nikaitikia. Ndipo nikatafuta teksi.

Filamu ina dakika 96. Nimehesabu. Tangu pumzi ilipobadilika mpaka ile amina ni kama dakika 40. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilimtii baba yangu, na mzazi akisema ngoja, mtoto anangoja. Ungefanya nini wewe, ungembeba kwa nguvu mtu mzima, mbele ya kitu cha mwisho alichotaka kukiona? Usinijibu haraka. Na dakika 40 si kitu, daktari mwenyewe aliniambia isingebadilisha chochote.

Hapana. Daktari hakuniambia hivyo. Nilimuuliza, akaangalia karatasi zake, akasema pole.

Na lingine, kwa kuwa nimeshafika huku: na mimi nilitaka kujua kama Kabwita atauza. Nilikaa kwenye kiti changu, pumzi ile naisikia, na macho yangu yalikuwa kwenye magunia.

Jumamosi Mazembe wakicheza utaangalia tu, huna haja ya ushauri wangu. Wewe na ile skafu yako nyeusi na nyeupe iliyotoboka. Mwanao wa pili bado anaogopa tarumbeta? Mpe salamu, mwambie mjomba ana lile gari la waya alilolisahau, gurudumu nimelitengeneza.

Makala wanairudia Alhamisi hii, saa tatu usiku. Mimi sijaiona tena. Ukiiangalia, ile sehemu baiskeli inapoingia mjini itazame vizuri, unaweza kuutambua mtaa, wewe unakaa huko. Ukiutambua niambie ni umbali gani na kwako. Hata kama ni mbali.

Simu yangu siku hizi naichajia sebuleni.