Historia ya Daraja la Lendal isianzie 1863

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu madaraja ya kale ya chuma, na nimefurahi kuona Daraja la Lendal la hapa York, Uingereza, limetajwa. Mimi hulivuka kila asubuhi nikienda kazini. Lakini mwandishi wenu ameanzia 1863, mwaka lilipofunguliwa, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Naomba nafasi niyaseme yaliyoachwa.

Pale palikuwa na kivuko. Mnara wa Lendal uko ukingo huu, wa Barker ukingo ule, na mashua ilikuwa ikienda na kurudi katikati yao. Mjini kulikuwa na daraja moja tu la kuvuka mto Ouse. Stesheni ya reli ilipofunguliwa ndani ya kuta za mji mwaka 1841, wasafiri na mizigo yao wakaielemea mashua ile, na madai ya daraja la pili yakapamba moto.

Daraja la kwanza kujengwa hapo halikusimama. Lilibuniwa na William Dredge, na mwaka 1861, ujenzi ukiwa bado unaendelea, likaanguka na kuua wafanyakazi watano. Watano, Mhariri, na katika makala yenu hawakupata hata nusu sentensi. Sehemu ya chuma chake ilikuja kutumika katika daraja jingine huko Scarborough.

Ndipo akaitwa Thomas Page, aliyejenga Daraja la Westminster kule London. Alitandaza tao moja la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, mita 53 hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Chuma hicho ukikibana hustahimili mzigo mkubwa ajabu, bali ukikivuta hukatika ghafla bila dalili. Kwa hiyo tao ndilo umbo linalokifaa: uzito wa magari na watu hapo juu hukibana tu.

Vizuizi vya pembeni vya daraja vimepambwa kwa waridi jeupe la York, funguo mbili za dayosisi zilizopishana, simba wa Uingereza, na herufi V na A, yaani Malkia Victoria na mumewe Albert. Albert alifariki Desemba 1861, hakuwahi kuliona likifunguliwa, lakini herufi yake ipo chumani hadi leo.

John Leeman, mvushaji wa mwisho, alilipwa fidia ya pauni 15 pamoja na farasi na mkokoteni, kazi yake ya majini ikaisha. Wananchi nao waliendelea kulipa ushuru wa kuvuka mpaka 1894.

Mtakapoirudia habari hii, nawaomba muianze kwenye mashua ya Leeman, na wale watano watajwe kabla ya Page.

Msomaji wenu,
York, Uingereza