YAH: VIFARANGA 300 WALIOFIKA WAGONJWA NA FEDHEHA TULIYOFANYIWA KWENYE OFISI YENU YA TAWI

Kwa Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini u mzima na kazi zinaendelea. Mimi huku Mlandizi moyo wangu si mzima, na kwa heshima zote naomba barua hii uisome mwenyewe mpaka mwisho, usimkabidhi yule yule ninayemlalamikia.

Masharti ya mauzo mmeyaandika ninyi na mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia: la fidia ya vifaranga wanaofika wamekufa au wanaokufa mwanzoni, la mteja kuleta mizoga ofisini kama ushahidi, la cheti cha chanjo. Mimi niliyafuata yote. Aliyeyavunja anakaa mapokezi kwenye tawi lenu.

Naanza na siku ile ya ofisini kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi. Vifaranga nitawafikia.

Tuliingia asubuhi, mimi na mama mkwe wangu, tumebeba boksi lenu wenyewe lenye mizoga. Mama alitangulia kusalimia. Kijana wa mapokezi hakuitikia, shikamoo hakutoa, macho yako kwenye simu. Nilipoweka boksi juu ya meza alifunua kifuniko, akaziba pua, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mteja: "Nyie wa vijijini mnalaza vifaranga sakafuni, wakishakufa mnatuletea mizoga." Akamwita mlinzi aondoe "hiyo takataka." Mlinzi alilinyanyua harakaharaka, kitako cha boksi kilikuwa kimelowa, kikaachia. Vifaranga wakamwagika barazani.

Sasa vifaranga wenyewe. Oda ilikuwa ya chotara 300 wa siku moja, na shilingi 600,000 nililipa zote mapema kwa simu kwa sababu ninyi hampokei nusu. Mliniahidi Jumanne asubuhi. Wameshushwa stendi Jumatano jua linazama, maboksi matatu yamebanwa chini ya mizigo ya abiria, moja limebonyea kona nzima. Matundu ya ubavuni yalikuwa yamezibwa na gunia. Nilifungua pale pale mbele ya kondakta na kupiga picha: kwenye chumba kimoja cha boksi chenye vifaranga 25, waliokuwa wamesimama ni 9 tu. Picha zimo kwenye bahasha.

Nilipopiga simu jioni ile nilijibiwa kwamba kifaranga anaweza kukaa saa 72 bila kula kwa sababu ana akiba ya kiini tumboni. Najua. Nafuga kuku, sikuanza jana. Lakini saa hizo zinahesabiwa tangu anapotoka kwenye yai, si tangu anapopakiwa kwenye basi, na hakuna boksi hata moja lililoandikwa tarehe ya kutotolewa. Walitotolewa lini? Hilo swali niliuliza, na sijajibiwa mpaka leo.

Na kiini hicho hicho ndicho kilichowaua. Niliwageuza mmoja mmoja chini ya taa. Vitovu havikuwa vimefunga. Vingine vibichi na vyekundu, vingine vimeshika ukoko mweusi. Matumbo yamevimba, ukigusa yanabonyea, na mharo umeganda nyuma mpaka umeziba njia. Afisa mifugo wa kata alipokuja alimpasua mmoja mbele yangu juu ya mfuko mtupu wa starta, chakula cha vifaranga. Kiini kilikuwa bado kimo ndani, hakijatumika, kimekuwa majimaji ya rangi ya kahawia yenye harufu ya yai viza. Alinieleza kuwa huo ni uambukizo wa kitovu na kiini, na kifaranga anayekufa nao siku za mwanzo namna hii mara nyingi ameutoa kwenye mayai machafu au mashine ya kutotoleshea isiyosafishwa. Ameandika, ametia saini na kugonga muhuri. Nakala naiambatanisha.

Mnasema bruda yangu, sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, ilikuwa ya baridi. Nani wenu aliiona? Banda lilisafishwa na kupigwa dawa kabla ya oda kufika. Maranda makavu, magazeti juu yake, majiko mawili ya mkaa yamefunikwa vyungu, kipimajoto kimening'inizwa usawa wa mgongo wa kifaranga kinasoma nyuzi 33. Vifaranga wakipata baridi hurundikana na kulaliana, na asubuhi unakuta rundo la waliokufa chini ya wenzao. Wangu walikufa mmoja huku, mmoja kule, banda zima, hakuna rundo hata moja. Mfugaji yeyote anajua hiyo maana yake nini, na wataalamu wenu wanajua zaidi.

Cheti cha chanjo ya Mareks, ugonjwa wa kuku wa kupooza, sikupewa. Chanjo hiyo hupigwa kituoni kwenu siku ya kwanza. Kifaranga akishafika kwangu nimeshachelewa. Ya kideri na ya Gumboro ni kazi yangu, na nilikuwa nimejipanga, siku ya 7 na siku ya 14. Chanjo ya kideri ya matone inatengenezwa hapa hapa Kibaha na wakala wa serikali, TVLA, na kuku wangu wa kienyeji hawajawahi kukosa tone lao jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo nikiambiwa mimi ni mtu wa kulaza vifaranga sakafuni, naumia.

Naomba nirudi pale mapokezi, maana nilieleza kwa kifupi na haikuwa ya kifupi.

Mama mkwe wangu ni mtu mzima. Anatembelea mkongojo. Amekuja kwa miguu yake kwa sababu zile hela 600,000 sehemu yake ni za mbuzi wake wawili aliowauza. Alimsalimu yule kijana "hujambo mwanangu," akanyamaziwa. Akasalimu tena, akadhani hakusikika. Kijana alisikia, kwa sababu alipandisha macho, akamtazama, akarudi kwenye simu. Kisha yale maneno ya wa vijijini, ambayo hakuyasema kwangu mimi niliyeshika risiti, aliyasema akimtazama yeye. Boksi lilipoachia, vifaranga walisambaa mpaka miguuni kwa wateja waliokuja kuchukua oda zao, na wateja wakarudi nyuma wakishika maboksi yao mapya wasiambukizwe. Mama aliegemeza mkongojo ukutani, akainama, akaanza kuwaokota na kuwaweka kwenye upindo wa kanga yake. Nilimwambia aache, hakuacha. Mlinzi wenu, Mungu ambariki, alipiga magoti akasaidia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Samahani mama, nimetumwa." Yule kijana akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake: "Na mkimaliza mfute na hapo." Mama mkwe wangu alifuta. Alifuta sakafu ya ofisi yenu kwa kanga yake, na kijana akaita mteja anayefuata.

Hakuna sharti la mauzo linaloruhusu hilo. Na kamera iko juu ya mlango, niliiona.

Sisi nyumbani tuna nusu eka. Mbolea ya kuku ndiyo inayokuza migomba, mchicha na matembele. Mboga tunakula na kuuza. Mitetea ya kutaga ndiyo ingetubeba mwaka ujao, na majogoo yalikuwa ya kuuza Desemba ili Januari watoto waende shule na sare na madaftari. Kwa hesabu ya leo waliobaki ni 41, na wengine kati yao wamedumaa, mabawa yameshuka, hawatafika popote. Starta iliyobaki ipo stoo na mdudu ameshaanza kuingia.

Nilipokaa kuandika nilikuwa nataka kitu kimoja tu, vifaranga wengine badala ya waliokufa. Kadiri ninavyoandika naona hilo halitoshi, na kusema kweli vifaranga wenu siwataki tena bandani kwangu mpaka nijue mashine zenu zikoje. Nataka shilingi 600,000 zirudi zote. Nataka gharama za starta, mkaa, dawa na nauli, ambazo risiti zake zimo humu. Nataka jibu la maandishi kuhusu tarehe ya kutotolewa na cheti cha Mareks. Na nataka yule kijana, pamoja na mkuu wake wa tawi, waje nyumbani Mlandizi wamwombe radhi mama mkwe wangu uso kwa uso. Barua ya pole haisomeki kwake na wala sitamsomea.

Nawapa siku 14 tangu mnapopokea barua hii. Zikipita, nakwenda Tume ya Ushindani, FCC, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003 kwa ajili ya kumlinda mlaji kama mimi. Mizoga sita nimeihifadhi kwenye friji la jirani, na nitaomba afisa mifugo wa wilaya aipeleke maabara ya TVLA ipimwe. Majibu yakija nitayabandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na kuyapeleka kwenye kila kikundi cha wafugaji kinachoagiza kwenu kuanzia hapa mpaka Chalinze. Picha za kamera ya mlangoni msizifute. Nikizihitaji nitaziomba kupitia mahakama, na zikiwa zimepotea nitasema mahakamani kwamba mlionywa.

Jina langu, namba ya simu, risiti, picha na taarifa ya afisa mifugo vimo ndani ya bahasha. Anayetaka kunipigia apige, lakini asiwe yule kijana.

Wenu,
Mteja wenu, Mlandizi.

Nakala: Afisa Mifugo wa Wilaya.
Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji.