Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Daraja Fupi

Ndugu wanachama,

Naanza na kosa katika kazi yetu ya kutengeneza vipuri vya magitaa ya besi ya zamani, kwa kuwa nyote mmeshalisikia, na wengine mmelisikia likiwa limetiwa chumvi. Madaraja, vile vyuma vinavyobeba nyuzi juu ya mwili wa gitaa, tuliyoyasubu (kuyamimina kwa brasi iliyoyeyushwa) mwanzoni mwa mwaka kwa ajili ya besi za Gibson EB-0 na EB-3 za miaka ya 1960 yalitoka mafupi. Yote kumi na mawili. Aliyeidhinisha kazi ile ni mimi, si kamati ya ufundi kama ilivyovumishwa.

Mwanachama mmoja alituazima daraja lake la asili, zima, halina hata ufa. Tukalizungushia silikoni tukapata kalibu, tukamimina nta ndani ya kalibu, na ile nta ikaja kuiachia nafasi brasi iliyoyeyushwa. Kila hatua ilikwenda sawa. Vipande vilipong'arishwa vilipendeza hata nikavipiga picha na kuwatumia baadhi yenu kabla ya wakati. Siku ya kufunga ndipo mambo yalipoharibika. Upande mmoja daraja lilikaa kwenye boliti yake vizuri kabisa. Upande wa pili mdomo wake ulisimama pembeni ya boliti, umepungua karibu milimita mbili. Nikalisukuma kwa dole gumba, kama mtu anayejitia kwenye kiatu cha mwanawe.

Nta husinyaa inapopoa. Brasi nayo hupungua takriban asilimia moja na nusu inapoganda na kupoa. Kwa kipande cha sentimita nane hivi, brasi peke yake inakula zaidi ya milimita moja, na nta inajikatia fungu lake. Kila fundi wa kusubu analijua hili, ndiyo maana hutengeneza kielelezo kikubwa kidogo kuliko kitu anachokitaka. Sisi tulikitumia kitu chenyewe kuwa kielelezo. Kanuni hiyo naijua miaka mingi. Nilidhani tu kwamba kwa kipande kidogo namna ile haitaonekana.

Awamu ya pili tuliacha kunakili. Wanachama walioweza walileta besi zao, tukapima umbali kati ya boliti na boliti kwenye mbao zenyewe, tukachora upya, tukachapa kielelezo cha resini kilichoongezewa ule upungufu, kisha tukasubu. Yamekaa. Ni mazito kuliko ya asili, kwani brasi inaizidi aloi ya zinki uzito kwa zaidi ya robo, na wapo wanaoapa kwamba mlio sasa unadumu zaidi. Masikio yangu hayajausikia huo mlio. Lakini EB-0 ina tabia ya kuinamisha shingo mchezaji akiiachia, kwa hiyo gramu chache upande wa daraja sijaona wa kuzilalamikia.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu limetufumbua macho kuhusu kazi nyingine ambayo tulikuwa tunaikosea bila kujua: mabamba ya kinga, yale ya plastiki yanayofungwa juu ya mbao ya besi ili isikwaruzwe.

Mnakumbuka kwamba Fender walipoanza kutumia bamba la rangi ya gamba la kobe, mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuingia ya 1960, lilikuwa la seluloidi. Seluloidi haitulii. Mwaka baada ya mwaka inatoa mvuke wake polepole na kujikunja, wakati mbao iliyo chini yake iko vilevile. Skrubu zimelishikilia, linavuta, mwisho linapasuka pale kwenye tundu la skrubu. Wengi wenu mmeuona ule ufa unaoanzia tunduni na kukimbilia ukingoni. Ukilifungua bamba la namna hiyo baada ya miaka sitini, halirudi tena: matundu ya bamba na matundu ya mbao yameachana.

Sasa sisi tulikuwa tunafanya nini? Tunalilaza bamba kuukuu juu ya karatasi, tunapitisha penseli pembezoni, tunakata jipya. Yaani tunapima kitu kilichokwisha kusinyaa na kukiita kipimo cha kiwandani. Mwanachama mmoja mwenye Jazz Bass, besi ya Fender, alirudisha mabamba mawili mfululizo, na mara zote mbili tulimjibu kwamba huenda mbao yake ilitobolewa upya na fundi wa zamani. Hapana, kosa lilikuwa letu, na barua ya kumwomba radhi imekwenda. Tangu katikati ya mwaka tunalaza karatasi ngumu juu ya mbao, tunasugua kwa mkaa mpaka kila tundu lijitokeze, na bamba kuukuu tunalitumia kwa mambo mawili tu: rangi, na mkato wa ukingo.

Na tukiwa hapo hapo: ombi la kukata mabamba ya seluloidi halisi kwa leza limekataliwa, na litaendelea kukataliwa nikiwa katika kiti hiki. Seluloidi inashika moto kama petroli. Atakayeitaka atakatiwa kwa msumeno na kumaliziwa kwa tupa, na ikifika kwake aihifadhi mahali penye hewa, mbali na pikapu (kile kifaa cha sumaku na waya kinachonasa mlio wa nyuzi), kwa sababu mvuke wake unakula chuma. Wengine wote, plastiki ya kisasa inatosha. Sijaona mtu aliyeweza kuitambua kutoka jukwaani.

Skrubu. Kila mwaka nalisema na kila mwaka inaletwa besi moja iliyoharibiwa. Skrubu ya Kimarekani ya 6-32 na skrubu ya M3.5 zina unene ule ule kwa jicho. Hesi, yaani mizunguko iliyochongwa kwenye skrubu, ndiyo tofauti: ya kwanza inapiga hatua ya karibu milimita 0.8, ya pili milimita 0.6. Itaingia mzunguko mmoja, utafurahi. Itaingia wa pili, utahisi uzito mkononi. Acha hapo hapo. Wa tatu ndio unaokata hesi ya kipuri kilichovumilia tangu 1962. Nobu, vile vifundo vya kuzungusha kwa vidole, nazo ni hivyo hivyo: mhimili wa volyumu (kidhibiti sauti kilicho chini ya nobu) za Kimarekani ni milimita 6.35, na nyingi za kwingineko ni 6. Atakayelazimisha atapasua nobu, na nobu ndiyo yenyewe isiyopatikana.

Upande wa pikapu kazi imekuwa nyingi na ya kimya. Waya wa namba 42 unaozungushwa kwenye koili ya pikapu una unene wa milimita 0.063 bila kuhesabu rangi yake ya kukinga umeme, na mara nyingi haujakatika ndani ya koili. Umekatika pale mwanzo au mwisho, ulipolehemiwa kwenye kishikizo. Kamati imejiwekea utaratibu wa kutafuta kwanza ncha iliyokatika kabla ya kukubali kufuma koili upya, hata ikichukua jioni nzima chini ya kioo cha kukuzia. Naunga mkono. Koili ya zamani ikishafumuliwa haina kurudi.

Kwa moyo huo huo tulizirudisha volyumu pacha za Jazz Bass moja ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, zile ambazo nobu moja imepandishwa juu ya nyingine, zilizoachwa baadaye. Mwenyewe alitaka mpya. Tulizisafisha, tukarekebisha mguso wake, tukamwonyesha tarakimu zilizopigwa mgongoni: 304 ni alama ya kiwanda cha Stackpole, zinazofuata ni mwaka na wiki ya kutengenezwa. Ametuandikia kwamba hazimo tena kwenye orodha yake ya vitu vya kubadilisha.

Nije kwenye lililotugawa. Muuzaji mmoja alinunua kutoka kwa mwanachama wetu kifuniko cha daraja tulichokitengeneza, akakichakaza kwa siki na chumvi, akakiuza kuwa cha asili. Mnunuzi aligundua na akatulaumu sisi. Kwa hiyo kuanzia sasa kila kipuri cha chuma kitapigwa alama yetu na mwaka upande usioonekana, kwa kina ambacho msasa hauwezi kukifuta bila kukitoboa kipuri. Mabamba yatachongwa alama chini. Najua baadhi yenu mnasema alama inaharibu uhalisi. Kipuri chetu hakina uhalisi wa kuharibu; kina kazi ya kufanya. Vilevile hatuchapi majina ya viwanda kwenye vichwa vya besi, hata kwa mwanachama, hata kwa besi ambayo sote tunajua ni ya kweli. Alama ya biashara ina mwenyewe.

Hesabu mtazisikia kwa mhazini. Niseme tu kwamba ile brasi ya awamu ya kwanza haikupotea: madaraja mafupi kumi na moja yameyeyushwa na kutumika tena. La kumi na mbili liko mezani kwangu, linazuia karatasi zisipeperuke.

Mwaka ujao tunataka kushughulikia kibao cha swichi cha Höfner 500/1, kile cheupe cha plastiki kinachopasuka kwenye pembe. Tunahitaji vibao vya miaka ya mwanzo ya 1960. Walio navyo wasivifungue. Leteni besi nzima, kibao kikiwa mahali pake na skrubu zake zote, hata zilizoota kutu, nasi tutapima kwanza tundu la mbao lililo chini yake.

Mwenyekiti