Mwanangu, kabla hujapiga kura yako ya kwanza

Mwanangu,

Nakuandikia nawe uko chumba cha pili unapanga mizigo. Ningeweza kuingia nikuambie, lakini tukianza tu utasema "Mama, nimeelewa" kabla sijafika katikati, nami nitapandisha sauti, na tutaishia pale tunapoishia siku zote. Barua nimeichomeka katikati ya mashuka. Utaikuta ukishafika.

Jumapili mdogo wako alikuuliza utampigia nani kura. Hukuinua hata uso. Ulisema, "Ngoja niiulize," ukaandika kwenye simu, ukamsomea jibu. Akaridhika, nawe ukaridhika. Mimi nilikuwa nakunja nguo pale, sikusema kitu, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Sisemi usiitumie hiyo akili mnemba, programu inayokujibu kama mtu. Zile hesabu zilizokutesa mwaka mzima ilikusaidia, na jioni moja nilikusikia ukimweleza mdogo wako hatua kwa hatua bila simu mkononi, nikajua zimeingia kweli. Nilijivunia sana, ingawa sikukuambia. Kinachoninyima usingizi ni hilo "niiulize". Mtoto alikuuliza wewe.

Juzi ulipotoka nilimwomba mdogo wako anionyeshe. Tukachagua jambo moja: umri wa kupiga kura ushushwe hadi miaka 16, kama Austria walivyofanya mwaka 2007. Tukaandika, "Nieleze kwa nini hili ni jambo zuri." Ikatupa sababu tano, safi, zimepangwa. Tukafungua ukurasa mpya, tukaandika, "Nieleze kwa nini hili ni jambo baya." Sababu tano tena, zimepangwa vilevile, kwa lugha ileile ya mtu mwenye uhakika. Mdogo wako akaniuliza, "Sasa yenyewe inaamini lipi?" Nikamwambia haina inaloamini. Imelishwa maandishi ya watu, mengi kupita kiasi, na kazi yake ni kukisia neno gani lifuate lililotangulia, hivyo hivyo mpaka jibu litimie. Mara nyingi inapatia, na hapo ndipo mtu anapojisahau. Halafu inafuata namna ulivyouliza. Ukiuliza umeegemea upande, nayo itaegemea nawe. Wewe Jumapili uliuliza vipi? Nimetaka kukuuliza siku nne sasa.

Mwaka 2023 kuna mawakili wa New York waliopeleka mahakamani hoja zenye kesi za zamani walizopewa na ChatGPT, programu ya akili mnemba. Kesi hizo hazikuwahi kuwapo. Mmoja wao alishaiuliza programu ileile kama kesi ni za kweli, ikamjibu ndiyo. Jaji akawatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Faini hainishughulishi, nawaza lile swali lake la pili. Shaka ilimjia, tena kwa wakati, akaipeleka kulekule ilikotoka. Nawe shaka unayo, nimekulea nakujua. Ila siku hizi unaipeleka wapi?

Utasema hayo ni mambo ya mawakili. Haya, Januari 2024 huko New Hampshire, Marekani, siku mbili kabla ya uchaguzi wa mchujo, wapiga kura walipigiwa simu zenye sauti ya Rais Biden ikiwaambia wasijitokeze, kura yao waitunze hadi uchaguzi mkuu wa Novemba. Hakuwa yeye, sauti ilitengenezwa. Aliyezipanga simu hizo alikuja kutozwa faini ya dola milioni 6, lakini kufikia hapo uchaguzi ulishapita kitambo.

Wala usidhani dawa ni kukataa kila kitu. Hilo linanitisha zaidi, kwa sababu linafanana na werevu. Gabon, Rais Ali Bongo alipougua na kupotea machoni pa watu kwa miezi, ikatoka video yake ya salamu za mwaka mpya. Watu wakayachunguza macho, wakauchunguza mkono, wengine wakasema huyu ametengenezwa. Tarehe 7 Januari 2019 wanajeshi wakajaribu kupindua serikali, na hotuba hiyo waliitaja. Wataalamu walioipitia video baadaye hawakupata ushahidi kwamba ilighushiwa. Watu wakizoea kusema "hiyo ni ya kutengenezwa" kwa kila wasilolipenda, siku kiongozi atakaponaswa kweli anaiba, naye atasema hivyohivyo, na atasalimika. Wewe husema sana neno hilo. Nimekusikia ukilisema hata kwa habari ambazo hukuzifungua.

Ile sauti ya mgombea iliyozunguka kwenye grupu la familia uchaguzi uliopita, ulipouliza imetoka wapi na mjomba wako akakujibu vibaya, ilitoka kwangu. Niliipata nikiwa sebuleni, na kabla sijafika jikoni nilishaituma. Ilipojulikana ni ya uongo sikuandika neno. Mpaka leo imo mle, juu kabisa ya picha za harusi.

Baba yako anasema nakusumbua bure, kizazi chenu kinayajua haya kutuzidi. Kubonyeza mnajua, sibishi. Lakini nani aliwafundisha jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, na kinapokosea? Umoja wa Ulaya, tarehe 2 Februari 2025 ilianza kutumika sheria iliyozitaka kampuni zinazounda na kutumia akili mnemba zichukue hatua za kuhakikisha wafanyakazi wao wana uelewa wa kutosha. Watu wazima, wana vyeti, na bado sheria iliona lazima wafundishwe. Nyinyi mmefundishana wenyewe usiku, taa zimezimwa.

Na hapa nyumbani, kila ulipoleta swali la siasa mezani tulikuambia ule. Ulikuwa na miaka 12 ulipouliza kwa nini viongozi wanabadilika na matatizo ni yaleyale. Baba yako alicheka, mimi nikakutuma maji. Nimelikumbuka hilo Jumapili, nguo zikiwa mkononi. Mtoto akitumwa maji kila akiuliza, atatafuta pengine pa kuulizia, na simu haimtumi mtu maji.

Basi nakuomba. Ilani za wagombea zisome mwenyewe, hata kama zinachosha. Ukikwama kwenye neno gumu au hesabu za bajeti, iulize programu ikufafanulie, hapo inafaa, kisha rudi kwenye ilani uone kama ndivyo ilivyoandikwa. Siku ya kupiga kura, kituo chako na unachotakiwa kubeba, usiiulize kabisa. Nenda kwa tume ya uchaguzi yenyewe. Na ukishafikia uamuzi, iambie ikupinge kwa nguvu zake zote, uone kama bado umesimama. Ukiyumba, usiikimbilie ikutulize. Nenda katafute mtu wa kubishana naye, asiyefikiri kama wewe. Huko chuoni hawatakosekana.

Kujiandikisha kupiga kura ulijiandikisha peke yako, hukutuambia. Niliiona kadi mfukoni mwa suruali nikifua. Niliumia kidogo kwamba nimejua kwa njia hiyo. Halafu nikaikausha vizuri, nikaitazama picha yako, nikakaa nayo muda mrefu kitandani. Usiiache kwenye suruali tena.

Mdogo wako ameshahamishia vitu vyake kwenye kitanda chako, nimemwambia asubiri angalau uondoke. Fundi wa paa la jikoni bado anasema kesho. Goti la baba yako limevimba tena, hatakuambia, kwa hiyo ukipiga muulize yeye mwenyewe na umsikilize anavyovuta pumzi kabla ya kujibu. Blanketi zito nimekuwekea, ulilitoa mara mbili nikalirudisha mara mbili. Liache.

Ukifika usinitumie ujumbe wala sauti ya kurekodi. Nipigie, unisikie nami nikusikie. Na uchaguzi ukikaribia nipigie tena usiku, mdogo wako akiwa amelala. Jina la mgombea wako usinitajie ukipenda, kura ni siri yako. Sababu zako ndizo ninazozitaka, nami nitakupa zangu, na safari hii sitakutuma popote.

Ufunguo wa mlango wa nyuma unao wewe. Kama umeondoka nao, utunze mpaka urudi.

Mama yako