Daftari la kodi la Bibi

Kariakoo, Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Sisi wazima, Mama tu ndiye anasumbuliwa na miguu. Siku ile kwenye simu uliniuliza ilikuwaje nyumba yetu ikawa ya wapangaji, nikakujibu juu juu. Leo nakueleza vizuri, maana ndugu wamekubaliana: nyumba inavunjwa, linapanda ghorofa kama kwa majirani wote.

Babu aliijenga akiwa kuli bandarini, Uhuru bado. Fito, udongo, boriti za mikoko. Ukumbi katikati, vyumba sita vinatazamana, jiko na choo uani. Vyote vilikuwa vya familia. Babu alipofariki, Bibi akabaki na watoto watano na karai la vitumbua. Akapangisha chumba cha mbele, kisha cha pili, mwishowe yeye na wanawe wakajibana kwenye viwili. Mwaka 1971, serikali ilipotaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, alikosa usingizi siku kadhaa, mpaka akaelezwa kuwa nyumba ya udongo haisogelei hata bei hiyo.

Ndugu wengine husema Bibi alipenda kodi kuliko watu. Maneno hayo yaliniuma tangu utotoni, na sasa nina la kuwajibu.

Nilipokuwa nafungasha vitu vyake nilikuta daftari chini kabisa ya sanduku, limefungwa kwa kipande cha kanga. Ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani akiwa mdogo. Shangazi ndiye aliyenisomea. Kila chumba kina ukurasa wake, na majina ya watu hamna: Fundi Baiskeli, Muuza Samaki, Mama Cherehani.

Mama Cherehani ni mama yako, shoga. Chumba cha uani, kile kilichokuwa kinavuja pembeni ya dirisha mkakinga sufuria. Miezi mitatu mfululizo, pale pa kuandika fedha, Bibi ameandika neno moja tu: "mzazi". Nimehesabu na Shangazi. Mwezi wa kwanza ndio uliozaliwa wewe. Na miezi iliyofuata hakuna deni lililoongezwa. Kodi inaendelea ileile, kana kwamba ile mitatu imelipwa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikataa kukaa barazani na sisi, unasema hapa si kwenu? Nilikuwa sijui nikujibu nini. Ningekuwa na daftari hili wakati ule ningekuwekea mapajani.

Mafundi wataezua bati baada ya Idi. Nimemwomba kaka dirisha la chumba chenu lisiuzwe na mbao nyingine, amekubali. Daftari ninalo mimi, simpi mtu. Njoo kabla hawajaanza. Utalala chumba kilekile. Nimeshakifagia, na kitanda nimetandika.

Shoga yako