Wito wa Harambee: Saa za Barafu kwa Watoto Wetu wa Halifax

Wapendwa ndugu katika Kristo, wazazi na marafiki wa usharika wetu,

Bwana Yesu asifiwe. Kamati ya watoto na vijana inawaalika kwenye harambee itakayofanyika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mara baada ya ibada, ili tuweze kuwalipia watoto wetu 14 saa za barafu, yaani muda wa kukodi ukumbi wa barafu, na vifaa vya hoki ya barafuni kwa msimu mmoja wa baridi. Tunatambua kwamba baadhi yenu mtajiuliza kwa nini kanisa lichangishe fedha za mchezo, tena mchezo ambao wengi wetu tuliozaliwa Uvira, Bujumbura, Kigoma au Mombasa hatukuwahi kuuona kabla ya kufika Kanada. Tunaomba mtuvumilie tuwasimulie kilichofanywa na Wakristo weusi wa mji huu huu tunaoishi, kwa sababu ombi letu limetoka huko.

Mwaka 1895 viongozi wa makanisa ya Kibaptisti ya watu weusi hapa Halifax, pamoja na wasomi waliokuwa karibu nao, walianzisha ligi ya hoki ya barafuni kwa ajili ya vijana wao. Nia yao ilikuwa ya kichungaji kabisa: kijana aliyeanza kulikwepa kanisa angerudi ibadani akijua kwamba baada ya ibada timu ya kanisa lake itakabiliana na timu ya kanisa jirani. Kitovu cha kazi hiyo kilikuwa kanisa la Cornwallis Street, lililoanzishwa mwaka 1832 na Richard Preston, mtu aliyekuwa mtumwa Virginia kabla ya kufika jimbo letu hili la Nova Scotia. Miongoni mwa waanzilishi wa ligi wanatajwa James A. R. Kinney, James Robinson Johnston, mwanasheria mweusi wa kwanza wa jimbo hili, na Henry Sylvester Williams wa Trinidad, aliyesoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dalhousie na ambaye mwaka 1900 aliitisha mjini London mkutano wa kwanza wa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika kutoka pande zote za dunia. Kila tukisoma jina hilo la mwisho tunaguswa upya, kwamba mtu aliyewaza umoja wa Afrika nzima hakuona ni kazi ndogo kuwatafutia vijana wa Halifax mahali pa kucheza.

Ligi ilikua. Halifax kulikuwa na Eurekas, ng'ambo ya bandari walikuwapo Jubilees wa Dartmouth, na kutoka Africville, kijiji cha watu weusi, walikuja Sea-Sides. Truro, Amherst na Hammonds Plains nako kulikuwa na timu, na hata kisiwa cha Prince Edward kilileta West End Rangers wa Charlottetown. Uwanja wao wenyewe hawakuwa nao. Barafu ya wakati ule iligandishwa na baridi ya Mungu, nayo kumbi za kuchezea zilikuwa mikononi mwa watu weupe, ambao ligi zao zilitangulia kucheza. Timu za weusi zilipewa nafasi mwishoni mwa Januari hadi mwanzoni mwa Machi, wakati barafu ilikwishaanza kulainika. Katika majuma hayo machache walicheza hoki ya kasi kubwa. Henry Franklyn, mlinda lango wa Jubilees, alikuwa akijitupa chini kwenye barafu kukizuia kisahani cheusi cha mpira, ilhali Ligi ya Taifa ya Hoki (NHL) iliyoundwa Montreal mwaka 1917 iliwaruhusu walinda lango wake kufanya hivyo mwaka 1918 tu. Eddie Martin wa Eurekas naye hutajwa na watafiti kuwa mmoja wa wa kwanza kupiga lile shuti la kunyanyua gongo juu na kulishusha kwa nguvu, ambalo leo kila mtoto wa mtaa huu hulijaribu.

Ligi ilianza kudhoofika pale jiji lilipotwaa ardhi ya Africville kwa ajili ya reli. Viongozi wa ligi walikuwa miongoni mwa waliosimama na wanakijiji, na waliochunguza historia hiyo wanaeleza kwamba baada ya mgogoro huo milango ya kumbi ilifungwa na magazeti yakanyamaza. Kufikia mwaka 1911 ligi ilikuwa karibu imekufa. Ikafufuka miaka ya 1920, lakini haikupata tena nguvu zake za awali na kufikia miaka ya 1930 ikapotea. Africville yenyewe ilibomolewa katika miaka ya 1960, na kanisa lake likavunjwa usiku mwaka 1967. Jiji liliomba radhi mwaka 2010. Stempu ya posta ya kuikumbuka ligi ilitoka mwaka 2020, miaka 125 baada ya ligi kuanzishwa, wakati wachezaji wote wale walikuwa wamekwishalala.

Ndugu zetu, ligi ile haikukosa vipaji wala moyo. Ilikosa barafu ya kutegemea. Nasi leo tuko papo hapo. Watoto wetu wanaomba kucheza, nao wanajua kwamba vijana wa timu ya Nairobi, waliojifunza katika ukumbi mdogo wa hoteli kwenye barabara ya Mombasa, waliletwa Kanada mwaka 2018 na kucheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wote wawili waliokulia Cole Harbour, ng'ambo tu ya bandari yetu. Lakini saa moja ya barafu hulipiwa, na viatu vya kutelezea, kofia ngumu, kinga za magoti na magongo havinunuliki kwa mishahara ya wazazi wanaofanya kazi za usiku.

Lengo letu ni dola 8,400, yaani dola 600 kwa kila mtoto. Sehemu kubwa italipia saa za barafu kuanzia Novemba hadi Machi, tukizilipia mapema ili asije mtu akatuondoa ratibani katikati ya msimu. Inayobaki itanunua vifaa, ambavyo vitakuwa mali ya usharika na kurithiwa na watoto watakaofuata. Mwenye viatu vilivyotumika ambavyo bado ni vizima avilete. Ahadi zinaandikwa kwa mweka hazina kila Jumapili mlangoni, na anayependa kulipa kidogo kidogo hadi Krismasi atapewa kadi yake. Hesabu zote zitasomwa mbele ya usharika Jumapili ya kwanza ya Aprili, na watoto watakuwapo, wakiwa na viatu vyao mikononi.